Baridi Haitaki Mlango Wazi

Sanduku lilipofika Mambrui lilikuwa pana kuliko mlango wetu. Lau ningekuwa na akili ningejua papo hapo kwamba kitu kisichopita mlangoni mwa watu hakikukusudiwa kuishi nao. Lakini lilitoka kwa kaka yangu, na kaka yangu yuko Uarabuni, na kwetu kitu kilichotoka Uarabuni hata kikiwa jiwe hutafutiwa mahali sebuleni. Wapagazi wakalivunjia barazani. Wakatoa mbao, wakatoa sponji, wakatoa kasha zito lenye feni la kukaa nje, wakatoa mabomba ya shaba yaliyoviringishwa, na mwisho kabisa wakatoa kile kitu ambacho baadaye fundi alitufundisha kukiita koili.

Mama alikizunguka kama anayenunua mbuzi. Lilikuwa bomba jembamba la shaba lililokwenda likarudi, likaenda likarudi, katikati ya vipande vya bati vyembamba kama karatasi, na chini yake sinia la kukinga maji.

"Kifumbu cha nani hiki?" akauliza. "Harusi ya nani itakamua tui lote hilo?"

"Hicho ndicho kitakacholeta baridi, Mama."

Akakigusa kwa kidole kimoja. "Mbona chenyewe kina joto?"

Kijitabu kilichokuja na mtambo kilikuwa na picha ya nyumba katikati ya theluji, na watu ndani yake wamevaa masweta wanacheka. Kaka alinieleza kwenye simu kwamba mtambo huu hauchagui: wakati wa joto hutoa baridi, na wakati wa baridi hutoa joto. Nikamuuliza wakati wa baridi Mambrui huanza saa ngapi. Akasema mimi tangu utotoni sina shukrani.

Niseme ukweli, sikuuchukia mtambo kwa sababu ya theluji. Niliuchukia kwa sababu ya maneno yaliyokuja nao. Daktari wa Malindi alikuwa amesema moyo wa Mama hauelewani na joto la kaskazi, na mimi, kwa ujinga wangu, nikampasha kaka habari. Akapiga simu. "Nimeleta mtambo," akasema. "Ufungeni. Nitakuja kabla ya mfungo. Nikiikuta nyumba ina baridi, vyema. Nikiikuta ina joto, naondoka na Mama, akae kwangu huku." Hakusema "tutazungumza." Alisema kama anayehamisha kabati.

Mimi niliolewa, nikaachika, nikarudi kwa Mama, nikaweka cherehani yangu barazani na hapo ndipo nilipo mpaka leo. Nashona madera na mabuibui, na hasira zangu ni moto wa makuti, huwaka kwa kishindo na kuzimika kabla chai haijachemka. Lakini siku ile sikuzimika. Usiku nilivuta shuka mpaka kichwani nikawaza nyumba ile bila Mama, cherehani ikilia peke yake, na nikaogopa kama mtoto. Mama naye hakusema anaogopa. Alisema tu, "Uarabuni nitamjua nani, mwanangu? Nitamwamkia nani?"

Kwa maana Mama ni mtu wa mlango. Mlango wetu mchana una pazia tu. Tangu alfajiri mpaka magharibi watu hupita, huinua pazia, hupiga hodi, na wengine hupiga hodi wakiwa wameshakaa. Huyu kaleta bamia, huyu kaja kuazima kinu, huyu hakuja kwa jambo lolote, kaja kumtia Mama machoni. Daktari aliposema Mama apumzike, Mama alielewa kwamba apumzike na watu.

Fundi nilimtoa Kisumu Ndogo, pale Malindi mjini, ingawa kwao ni ndani huko Magarini. Alikuwa na mwili mkubwa na maneno makubwa zaidi. Alikuwa ametengeneza mitambo ya majumba ya Wazungu kando ya pwani kwa miaka mingi, na baridi aliizungumzia kama mtu anayemzungumzia mke wa pili: haitaki hiki, haipendi kile, ukiikosea adabu inaondoka.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Ushakunywa chai?"

"Bado, Mama. Lakini kwanza sheria. Baridi haitaki mlango wazi. Haitaki dirisha wazi. Haitaki hata tundu la panya."

"Na wageni wapite wapi?"

"Wagonge."

"Wagonge mlango wangu mchana, kama askari?" Mama akanitazama mimi kana kwamba mimi ndiye niliyesema. "Basi hiyo baridi ina kiburi."

Fundi akaanza kazi. Kasha lenye feni akaliweka uani. Koili akaamua kuiweka ndani, juu ya mlango wa chumba cha Mama, ili upepo uende sebuleni na chumbani pamoja. Akapitisha mabomba ya shaba, akayachomelea kwa moto huku amefunga kitambaa cha maji kando ya kiungo, akapaka povu la sabuni kila palipounganishwa aone kama patatoa mapovu, akaleta pampu ya kufyonza hewa iliyobaki ndani kabla ya kuachia gesi. Hapo sikuwa na la kumlaumu. Matata yalianza alipotoa pima maji.

Pima maji, kile kijiti chenye kipovu katikati, ni kitu kisichopaswa kuingizwa katika nyumba ya kale ya Mambrui. Babu yetu aliijenga yetu kwa mawe ya matumbawe na boriti za mikoko, na kuinyoosha akainyoosha kwa jicho, na inasemekana jicho lenyewe lilikuwa moja. Fundi akaiweka koili mpaka kipovu kikatulia katikati. Akashuka ngazini, akafuta jasho, akangoja sifa.

"Imekwenda upande," akasema Mama.

"Imenyooka, Mama. Nyumba ndiyo iliyokwenda upande."

Jirani wawili waliokuwa wamekuja kuangalia kazi wakajifanya wanatengeneza leso zao.

"Mwanangu," akasema Mama taratibu, na mimi nilijua taratibu ile, "nyumba hii imeozesha mabinti na imezika wazee, na hakuna aliyewahi kuja akaiambia imekwenda upande. Wewe ni mgeni, na chai yetu hujainywa. Inyooshe na boriti."

Fundi akabisha, akaonyesha kipovu, akamtaja Mzungu mmoja. Mama akaanza kujipepea kwa kipepeo cha ukili. Baadaye fundi akapanda ngazi tena, akaipinda koili ikalingana na boriti, na macho ya kila mtu mle ndani yakapumzika. Sasa ilikuwa imenyooka. Ila sinia la chini yake, ambalo lilipaswa kuyaelekeza maji uani, likawa limelalia upande wa barabarani. Fundi hakuwa na la kufanya ila kutoboa ukuta wa mbele na kulitoa bomba la maji hapo, kando ya mlango mkuu, juu ya baraza. Bomba hilo ndilo lililotuua.

Siku ya kuuwasha Mama alitaka kubonyeza mwenyewe, kwa kuwa zawadi ni yake. Rimoti ilikuwa na picha mbili, moja ya jua na nyingine ya kitu chenye miguu sita.

"Huyu ni buibui," akasema Mama. "Nani atabonyeza buibui?" Akabonyeza jua.

Mtambo ukanguruma. Upepo ukatoka. Mwanzo tulidhani ni sisi, tumesisimka kwa furaha. Kisha jasho likaanza kumtiririka fundi masikioni. Jirani mmoja akasema kwa heshima kwamba anahisi baridi kwa mbali. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuitia ila zawadi ya mtoto wa mtu, kwa hiyo tukakaa, milango imefungwa kwa amri ya fundi, katika joto la kaskazi, tukipulizwa na joto la theluji.

"Hili ni joto la zamani," akasema fundi hatimaye. "Linatoka kwanza."

"La tangu lini?" nikamuuliza. "La tangu babu?"

Fundi alipoichukua rimoti na kuona jua, alimuuliza Mama kwa upole kwa nini alibonyeza hapo. Mama akashangaa kuulizwa. "Si niliiambia kuna jua? Itajuaje nasi tuna joto, nayo imekaa ndani?"

Fundi akabonyeza buibui, ambaye kwake yeye ni theluji. Ikaja baridi. Na ilikuwa baridi kweli, sitaisengenya. Ilishuka kutoka juu ya ule mlango ikatukalia mabegani kama kitambaa kilichotoka majini. Fundi akataka tuijaribu sawasawa. Wageni watoke, mlango mkuu ufungwe kwa komeo, madirisha yafungwe yote, abaki Mama na mimi tu, naye mwenyewe uani akisikiliza kasha lake. Mama, kwa kuwa hakuna kitu kipya kinachokaa nyumbani kwetu bila kufukizwa, akawasha chetezo, akatia udi, akakipitisha chini ya koili mara kadhaa kukinga jicho la hasidi. Kisha baridi ikamzidi, akajifunika shuka nyeupe gubigubi, akaketi kitandani.

"Mbona kimya hivi?" akaniuliza baada ya muda. Kuta zile nene, milango ikifungwa, hazipitishi hata sauti ya jogoo. Nilimwona akitega sikio. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kuwa mchana ndani ya nyumba yake bila kusikia mtu.

Sasa lazima niseme jambo ambalo fundi hakulijua na sisi, kwa shughuli, tukalisahau. Kwetu mlango wa nyumba hufungwa mchana, na madirisha yote pamoja, kwa jambo moja tu: maiti anaoshwa. Udi huwashwa. Na maji ya kumwoshea hutoka nje.

Jirani wa mbele, ambaye hukaanga viazi karai mlangoni pake kila siku ya Mungu, aliona mlango wa Mama unafungwa. Akasema labda upepo. Akaona madirisha. Akanusa udi. Kisha, akiwa ameshika mwiko hewani, akaona maji yanaanza kutoka kwenye ukuta, taratibu, tone kwa tone, halafu mchirizi, yakaanguka barazani yakashuka barabarani. Akaweka mwiko chini, akavuta leso kichwani, akapiga ukemi wa msiba.

Sisi tulisikia kitu kama paka kwa mbali. Nilipofungua komeo nilikuta barabara imejaa. Wanawake wanalia. Wanaume wamesimama upande wa kivulini na kofia zao, nyuso zimeinama. Gunia la mchele limeshaegemezwa ukutani, na sukari, na majani ya chai. Na vijana wa msikitini, Mungu awabariki kwa haraka yao, wameshaleta jeneza.

Jirani wa mbele akanikumbatia mpaka mafuta ya viazi yakanilowesha bega. "Mwanangu! Kaondoka saa ngapi?"

"Nani?"

"Usifiche, mwanangu. Maji tumeyaona."

Hapo Mama, aliyechoshwa na kimya na sasa amesikia watu, akatoka mlangoni. Alitoka kama alivyokuwa, shuka nyeupe kichwani mpaka miguuni, nyuma yake moshi wa udi na upepo wa baridi ya koili. Vijana wakaliacha jeneza katikati ya barabara wakakimbia, na mmoja sandali zake tulikaa nazo mpaka Ijumaa. Mama akawatazama waliobaki.

"Karibuni," akasema. "Mbona mmesimama juani?"

Kitu kilicholetwa msibani kwetu hakirudi kilikotoka, ni nuksi. Kwa hiyo tulipika. Ule mchele ukapikwa, chai ikapikwa, mikeka ikatandikwa, na watu wakala matanga ya Mama pamoja na Mama. Walikuwa wameshaanza kumsifu barabarani, na wakaona haya kuacha katikati, wakaendelea kumsifu mbele yake. Mama alisikiliza kwa makini, na mmoja aliposahau jambo la hisani alilofanyiwa, akamkumbusha. Fundi alikula sahani mbili. Mlango ulikuwa wazi, pazia limefungwa fundo, na baridi yote ilikwenda zake kama alivyotuonya.

Katika matanga hayohayo ndipo yalipovumbuliwa maji. Jirani wa mbele alinawa mikono chini ya lile bomba kwa kuwa lilikuwa karibu. Akapaka sabuni. Povu likatoka, likaongezeka, akasuuza, likakataa kuondoka. Mtu asiyekaa Mambrui hataelewa. Visima vyetu vina chumvi. Sabuni ikikutana na maji yetu hugeuka makombo. Yule jirani aliinua mikono yake yenye povu akaitazama kama si yake.

"Haya ni maji matamu," akasema.

Fundi akaelezea, mdomo umejaa. Hewa ya pwani imebeba maji, koili ina baridi, hewa ikiigusa koili hutoa jasho kama chupa ya soda iliyotoka barafuni. "Na mkiacha mlango wazi hivi," akasema kwa uchungu, "hewa mpya yenye maji yake inaingia tu, inaingia tu. Mtapata maji. Baridi hamtapata."

Nadhani alikusudia kutuonya. Wanawake walitazamana, na tangu siku ile shauri likawa limekwisha.

Ndoo zikaanza kupangwa barazani. Maji yale hawakuyanywa, fundi alikataza, lakini kanzu za Ijumaa zilifuliwa kwayo zikang'aa, nywele za mabibi harusi zikaoshwa kwayo, na jirani wa mbele aliapa kwamba leso yake imerudi rangi ya dukani. Milango ilifunguliwa yote, hata ule wa uani ambao zamani tulikuwa tukiufunga, ili koili ipate hewa ya kutosha. Ndoo ikichelewa kujaa, Mama alikuwa akiita watu waingie ndani wapumue. Mtambo ulinguruma mchana kutwa, na nyumba ilikuwa na joto lilelile la babu, na sebule ilijaa watu kuliko zamani, na Mama, nisimsingizie, uso wake ulikuwa umenawiri.

Mimi ndiye niliyekuwa sina raha. Mfungo ulikuwa unakaribia. Nilimwambia Mama, nikamwambia tena, hata siku moja nikamfokea mbele za watu, jambo ambalo silipendi: "Kaka akija akikuta joto hili atakuchukua! Utamwambia umeuza baridi yake kwa ndoo za maji?"

"Siku akija tutafunga mlango," akasema Mama. "Atakaa, atapoa, ataondoka."

"Na ukifunga watu watakuja na jeneza."

"Sasa wameshajua," akasema Mama.

Kaka hakutuambia siku. Alitaka kutushtukiza. Akateremka teksi mbele ya nyumba akiwa na begi moja, hakuamkia mtu barabarani kwa haraka ya kuingia, na akakuta nyumba haina mtu. Mimi na Mama tulikuwa mwisho wa mji, tumetokea mlango wa uani kwenda kusaidia mapishi ya harusi. Milango ilikuwa wazi yote, mtambo unanguruma kwa nguvu zake zote, ndoo nne chini ya bomba, na sebule inachoma kama jiko. Alinieleza baadaye kwamba uamuzi aliufanya palepale: Mama ataondoka naye. Akatoa ndoo. Akafunga mlango mkuu kwa komeo, akafunga uani, akafunga madirisha. Akatoa udi wa bei aliotuletea, akauwasha kuondoa harufu ya viazi. Kisha akavua shati, akajifunga kikoi, akalala chini ya koili kwenye kitanda cha Mama, mtu wa Uarabuni katika baridi aliyoizoea.

Wenyeji wa mtaa walikuwa wameshajua, kama alivyosema Mama. Walijua mlango ukifungwa si lazima kuwa ni msiba. Lakini walijua pia kwamba mtoto aliyeko ng'ambo haji ghafla ila kwa jambo moja, hapiti bila kuamkia watu ila kwa jambo moja. Na udi, na madirisha, na maji hayo yanashuka. Jirani wa mbele alisita sana, alikuwa ameshachekwa mwezi mzima. Mwisho akasema afadhali kuchekwa tena kuliko kukosa kumlilia rafiki yake.

Kaka aliamshwa na kugongwa mlango. Alipofungua, wanawake wakamshika mikono wote kwa pamoja.

"Pole, baba. Mungu akupe subira."

"Lini?" akauliza.

"Sisi tumejua sasa hivi. Wewe ndiye uliyeko ndani."

"Ndani hayupo," akasema kaka.

Wakatazamana. "Basi," akasema jirani wa mbele, na machozi yakaanza kumwagika upya, "ashatolewa."

Ndugu yangu, mtu wa elimu na cheo, anayesimamia watu wazima kazini kwake, alitoka akakimbia kuelekea maziarani, kifua wazi, bila viatu, akishikilia kikoi kwa mkono mmoja.

Habari ilitukuta harusini. Mama alikuwa ameinama juu ya karai anakamua tui, mikono myeupe mpaka kwenye viwiko. Mtu akaingia akiwa anahema, akamwona, akashika kifua, akasema kwamba huko mtaani kwenu Bi mkubwa umekufa, na mwanao kaja, amekimbilia maziarani kukutafuta.

"Tena?" akasema Mama.

Wote wakaangua kicheko, na mimi pia. Mama peke yake hakucheka. Alikuwa amesikia neno moja tu katika yote, mwanao, akatoka vilevile na mikono yake ya tui. Nilimfuata nikimwambia moyo, Mama, daktari, Mama, pole pole. Hakunisikia.

Tulimkuta kwenye njia ya mchanga kando ya maziara, amesimama, anatazama ardhi, anatafuta palipochimbwa upya. Mama alimwita kwa jina la utoto ambalo hakuna amwitaye tena. Akageuka. Alikuja akapiga magoti mchangani, akashika miguu ya Mama, akalia kwa sauti kubwa mbele ya watu wa harusi waliotufuata, na tui la nazi likawa linamdondokea kichwani.

Nyumbani mlango ulikuwa umefunguliwa na watu. Kaka aliketi mkekani, akanywa chai. Hakutaja joto. Mama alimkalisha mpaka akatulia, halafu akamuuliza, kwa sauti ya kuulizia bei ya samaki.

"Na wewe huko kwako mlango unafunga?"

"Kule milango yote hufungwa, Mama. Kuna joto. Mtambo uko ndani siku zote."

"Mlango siku zote umefungwa."

"Siku zote."

"Na nani huja kutazama kama umekufa?"

Nilimwona kaka anatafuta, anapitia nyuso za kule moja moja kama mtu anayetafuta funguo mifukoni. Kisha akainamisha kikombe. "Hakuna, Mama," akasema.

Na Mama, aliyeliliwa mara mbili bila kudondosha chozi, akaanza kulia. Alilia mpaka jirani wa mbele akaondoka mwenyewe bila kuambiwa, jambo ambalo halijatokea kabla wala baada.

Kaka aliondoka baada ya wiki, peke yake. Kuhusu kumchukua Mama hakusema neno. Siku ya safari alizirudisha ndoo chini ya bomba kwa mikono yake, akazipanga, akaniambia nimwambie fundi aje asafishe koili kila baada ya miezi michache, vumbi likijaa maji yatapungua. Nikamwambia sawa. Nilikuwa nimemkasirikia muda mrefu hivi kwamba sikujua pa kuiweka ile huruma niliyomwonea.

Sasa kila asubuhi, kabla watu hawajaanza kuinua pazia, Mama hunipa simu nimpigie. Kaka akipokea, Mama hamuulizi hali wala kazi. Anasema, "Hodi!" na kungoja. Nasikia mtambo wa kule ukinguruma. Mwanzo kaka alikuwa akicheka, akisema Mama, nina haraka, nimechelewa. Mama alikuwa akibisha tena, "Hodi!" mpaka mwenyewe aitikie. Siku hizi hachelewi kuitikia. "Karibu, Mama," anasema, "karibu ndani." Na Mama huvua ndara zake, akazisogeza kando ya mkeka, ndipo akaketi.